Maswali ya Wasomaji: Picha za Kikauboi na Wahalifu wa Kweli

Mwezi huu barua zimeelemea upande mmoja: filamu zinazosimulia wahalifu wa Marekani waliowahi kuishi kweli, kina Billy the Kid, Jesse James na wenzao. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

Swali: Kwenye filamu ya 1958, The Left Handed Gun, Billy the Kid anachomoa bastola kwa mkono wa kushoto. Mjomba wangu anashikilia kwamba Billy hakuwa mashoto. Tumewekeana dau. Nani analipa?

Unalipa wewe. Kosa lenyewe lilianzia kwenye picha moja ya mnato.

Picha inayokubalika kuwa ni ya Billy ilipigwa Fort Sumner, New Mexico, mwaka 1879 au 1880. Ni ferotaipu: kibati chembamba cha chuma kilichopakwa dawa kiliingizwa ndani ya kamera, na taswira ikaganda palepale juu yake. Hakuna negativu ya kuigeuzia. Unachokiona ni sawa na mtu aliye kwenye kioo, kulia kwake kumekuwa kushoto. Bastola ikaonekana kwenye nyonga ya kushoto, watu wakaamini macho yao, na umashoto ukazaliwa.

Ushahidi wa kulipinga hilo Billy mwenyewe ameushika mkononi pichani. Ni bunduki aina ya Winchester ya toleo la 1873. Ubavuni mwake kuna kitundu cha kuingizia risasi, ambacho kiwanda kilikiweka upande wa kulia tu. Kwenye kibati kipo kushoto. Geuza picha: kitundu kinarudi mahali pake, na bastola inahamia nyonga ya kulia. Kwa picha yoyote ya namna hiyo tafuta vitu vitatu kabla ya kutoa hukumu: maandishi yaliyopinduka, kitundu cha bunduki, na vifungo vya koti, maana vya wanaume hushonwa upande wa kulia wa mvaaji. Ila usije ukageuza mara mbili. Vitabu vingi vya leo vimeshaigeuza picha hii bila kusema, kwa hiyo anza na kitundu, maelezo yaliyo chini ya picha yaache kwanza. Kibati chenyewe, kama mnataka kujua thamani ya kubishania, kilinunuliwa mnadani mwaka 2011 kwa dola milioni 2.3.

Mjomba akizidi kutamba, mwulize Billy aliua watu wangapi. Hadithi inasema 21, mmoja kwa kila mwaka wa umri wake. Wanahistoria huhesabu wanne aliowaua peke yake, na wengine kama watano ambao alikuwa mmoja wa waliowafyatulia. Umri nao una walakini. Tarehe ya kuzaliwa inayonukuliwa kila mahali, Novemba 23, 1859, imetoka kwenye kitabu cha 1882 kilichobeba jina la sherifu Pat Garrett, yule yule aliyemuua Billy. Sehemu kubwa aliiandika rafiki yake, Ash Upson. Siku ya kuzaliwa ya Upson ilikuwa Novemba 23.

Swali: Kwenye Young Guns, Billy na wenzake wanalipiza kisasi cha mzee wa Kiingereza aliyewalea. Alikuwepo kweli?

Mwingereza alikuwepo, uzee ndio haukuwepo. John Tunstall aliuawa Februari 18, 1878, akiwa na miaka 24, na Billy alikuwa na kama 18. Filamu hiyo ya 1988 ilimpa nafasi hiyo Terence Stamp, aliyekuwa anakaribia 50.

Hapa hatuwezi kusema "ni filamu tu" tukapita. Mkono wa kushoto haubadilishi kitu chochote katika maisha ya Billy, lakini Tunstall mzee anabadilisha chanzo cha vita nzima. Vita vya Lincoln County vilikuwa ugomvi wa duka. Lawrence Murphy na James Dolan walikuwa wameishika biashara ya Lincoln pamoja na zabuni za kulisha jeshi la Fort Stanton, na sherifu William Brady alikuwa upande wao. Tunstall na wakili Alexander McSween wakafungua duka la kushindana nao. Vijana kama Billy walikuwa waajiriwa wa upande mmoja, wakilipwa. Mfanye Tunstall baba mlezi, na zabuni zote zinayeyuka. Anabaki yatima mwenye uchungu. Mtazamaji atalia, lakini akiulizwa kwa nini mji mzima ulichomana risasi hana jibu.

Swali: Mapigano ya O.K. Corral yalikuwaje hasa? Kila filamu inaonyesha ya kwake.

Kwanza hayakutokea ndani ya O.K. Corral. Yalitokea kwenye kiwanja kitupu chembamba, upana wake kama mita 4.5 hadi 6, kando ya nyumba ya mpiga picha C. S. Fly, mtaa wa Fremont, mjini Tombstone, Arizona. Zizi liitwalo O.K. Corral lilikuwa na lango la nyuma milango kadhaa kutoka hapo. Jina lake lilitamkika vizuri, likabaki.

Ilikuwa Oktoba 26, 1881, kama saa tisa alasiri. Upande mmoja walisimama Virgil Earp, ndugu zake Wyatt na Morgan, na Doc Holliday. Upande wa pili ndugu wawili Ike na Billy Clanton, ndugu wawili Tom na Frank McLaury, na Billy Claiborne. Walikuwa wameachana mita mbili tatu tu, umbali wa watu wanaosalimiana. Kama sekunde 30, kama risasi 30, basi. Ike na Claiborne walitimua mbio. Billy Clanton na ndugu wawili wa McLaury walikufa. Virgil alipigwa kwenye shavu la mguu, Morgan mabegani, Doc akakwaruzwa nyonga, na Wyatt hakuguswa.

Mkubwa wa polisi wa mji siku hiyo alikuwa Virgil. Filamu humpa Wyatt nafasi hiyo kwa sababu ndiye aliyeishi hadi 1929 na ndiye aliyeandikiwa vitabu. Na Virgil alikwenda pale kwa kazi maalumu: kuwanyang'anya silaha watu waliokuwa wakizibeba mjini kinyume cha sheria ndogo ya Tombstone. Jambo hilo filamu nyingi hulipitia juu juu, maana mji wa kikauboi unaokataza bastola barabarani unawaharibia watu picha waliyokuja nayo.

Kwa upotoshaji uliofanywa kwa ustadi, hakuna kama My Darling Clementine ya 1946. Mapigano yamehamishiwa 1882. Mzee Clanton, baba yao Ike na Billy, anafia hapo, ilhali aliuawa karibu na mpaka wa Mexico mnamo Agosti 1881, kabla ya mapigano yenyewe. James Earp anauawa mwanzoni kama mdogo wao wa mwisho. James halisi alikuwa kaka yao, akafa 1926. Doc Holliday amekuwa daktari wa upasuaji na anapigwa risasi akafa, wakati Doc wa kweli alikuwa daktari wa meno na alikufa kitandani kwa kifua kikuu huko Glenwood Springs, Colorado, Novemba 1887. Milima mizuri ya nyuma ni ya Monument Valley, kaskazini kabisa kwenye mpaka wa Utah. Tombstone iko kusini, pua na mdomo na Mexico. Mwongozaji wake, John Ford, alipenda kusema kwamba Wyatt mwenyewe ndiye aliyemsimulia. Na pamoja na hayo yote ni filamu nzuri sana, itazameni.

Swali: Mimi natazama silaha. Nianzie wapi kuzikagua?

Anza na moshi. Karibu wahalifu wote wanaoigizwa, hadi kufikia miaka ya 1890, walitumia baruti nyeusi. Baruti isiyotoa moshi iligunduliwa Ufaransa 1884 na ikachukua miaka mingine kuenea Marekani, risasi ya .30-30 ya Winchester, iliyoitumia, ilitoka 1895. Baruti nyeusi hutoa wingu zito jeupe linaloning'inia. Fikiria risasi 30 kwenye kile kiwanja cha mita tano: baada ya sekunde kumi za mwanzo watu walikuwa wakilenga vivuli. Ndiyo maana hata mashahidi wa siku ile walipishana juu ya nani alifyatua wa kwanza. Watengenezaji filamu hukwepa moshi kwa sababu za kikazi: unaficha sura ya steringi, lazima usubiri upungue kabla ya kurudia tukio, na masizi yake hula chuma cha bunduki isiposafishwa mapema kwa maji ya moto na sabuni.

Halafu miaka. Bastola ya Colt iliyozoeleka kwenye kila filamu ilitoka 1873. Ukiiona kwenye kisa cha 1866, hilo ni kosa. Kabla yake wengi walibeba bastola za kujaza kila tundu kwa mkono: baruti, kisha tufe la risasi, kisha kofia ndogo ya fataki kwa nyuma. Kujaza matundu sita ni kazi ya dakika, na juu ya farasi anayekimbia haiwezekani. Wapiganaji wa msituni wa Missouri wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambako Jesse James alijifunzia kuua, walitatua tatizo kwa kubeba bastola tatu nne kila mmoja. Kwa hiyo steringi mwenye bastola moja mwaka 1864, anayefyatua mara kumi na mbili bila kutua, amekosea mara mbili.

Bunduki ya kuangalia ni Winchester. Filamu nyingi za zamani zinazosimulia miaka ya 1870 na 1880 zinatumia toleo la 1892. Ya 1873 ina bamba linalofunguka kila ubavu, na mstari wa ukingo wake unaonekana wazi, pamoja na kifuniko kinachoteleza juu. Ya 1892 ni bapa ubavuni, haina bamba. Ilipendwa studio kwa kuwa ilikuwa nyingi, imara, na ilikubali risasi moja ya kuigizia iliyoweza pia kutumika kwenye bastola za .45 na .44-40. Mtunza silaha alibeba boksi moja badala ya matatu.

Kisha ala ya bastola. Ile inayoning'inia chini pajani na kufungwa kamba mguuni, iliyoshonwa kwenye mkanda uliokatwa kwa ajili yake, ni mtindo wa karne ya ishirini na Hollywood ndiyo iliyoukuza. Ala za miaka ya 1880 zilikaa juu kiunoni na kuimeza bastola karibu yote. Lengo lake lilikuwa bastola isidondoke. Kuichomoa kungemchukua mtu muda.

Na hesabu ya risasi: tano, si sita. Nyundo ya Colt ya 1873 ikishushwa inakaa juu ya fataki ya risasi iliyo mbele yake, kwa hiyo pigo moja linatosha kuilipua. Mwenye busara aliweka risasi moja, akaruka tundu moja, akaweka nne, akaivuta nyundo hadi mwisho na kuishusha taratibu. Inaangukia tundu tupu. Aliyejua hatari hiyo kwa vitendo ni Wyatt Earp mwenyewe. Mnamo Januari 1876, akiwa polisi wa Wichita, Kansas, bastola ilimponyoka alipokuwa ameketi, ikajilipua, na risasi ikatoboa koti lake. Gazeti la mji likaiandika. Kwenye filamu zote zinazomhusu hatujaiona.

Swali: Butch Cassidy na Sundance Kid walikufa mbele ya jeshi zima la Bolivia?

Hapana. Filamu ya 1969 inafunga kwa wawili hao wakichomoka mlangoni kukabili mamia ya askari. Usiku wa Novemba 6, 1908, katika kijiji cha San Vicente, kilicho juu ya mita 4,000, waliokuja walikuwa kapteni mmoja, askari wawili na afisa mmoja wa polisi. Walikuwa wakiwatafuta wageni walioiba mshahara wa kampuni ya migodi ya Aramayo siku chache nyuma. Askari mmoja aliuawa, wakarushiana risasi, kisha kukawa kimya. Asubuhi miili miwili ilikutwa ndani, na jinsi majeraha yalivyokaa ilionekana mmoja alimmaliza mwenzake kisha akajimaliza.

Hata kwamba miili hiyo ni yao ni jambo la ushahidi wa mazingira. Kaburi lililofukuliwa mwaka 1991 lilikuwa na mifupa ya Mjerumani.

Kinachotuudhi zaidi ni kilichorukwa. Kwenye filamu wanatoka New York moja kwa moja hadi Bolivia. Ukweli ni kwamba mwaka 1901 walikwenda Argentina na wakafuga ng'ombe huko Cholila, Patagonia, hadi 1905. Miaka minne ya majambazi wawili kuwa wafugaji wenye majirani na hesabu za mifugo! Hiyo ndiyo filamu ambayo tungelipa kiingilio.

Swali: Jesse James alikuwa mtetezi wa maskini kama filamu ya 1939 inavyoonyesha?

Hakuna ushahidi wowote kwamba aligawa senti kwa maskini. Sifa hiyo aliijenga mhariri wa gazeti la Kansas City, John Newman Edwards, aliyekuwa ofisa wa jeshi la Kusini lililoshindwa vitani na aliyehitaji shujaa wa upande wake. Filamu ya 1939 ikaichukua na kuliweka kosa lote kwenye kampuni ya reli: inamfukuza mkulima, mkulima anaasi. Jesse wa kweli alizaliwa 1847 katika familia iliyomiliki watumwa, na kabla hajafika miaka 18 alikuwa kwenye kundi la wapiganaji wa msituni la Bloody Bill Anderson, lililoua wafungwa na raia. Filamu ilipoondoa utumwa na vita, uporaji ulikosa asili, na reli ikabandikwa mahali pake.

Mama yake kwenye filamu anakufa kwa bomu. Usiku huo ulitokea kweli, Januari 1875: wapelelezi wa Pinkerton, kampuni binafsi ya upelelezi, walitupa kifaa cha moto ndani ya nyumba. Aliyekufa ni mdogo wake Jesse, Archie, mtoto wa baba mwingine. Mama, Zerelda, alipoteza mkono na akaishi hadi 1911.

Ukitaka iliyo karibu na kumbukumbu, chukua ile ya 2007 inayohusu kuuawa kwake, The Assassination of Jesse James by the Coward Robert Ford. Aprili 3, 1882, St. Joseph, Missouri: amevua mkanda wa bastola, amepanda juu ya kiti kufuta vumbi kwenye picha ukutani, na Robert Ford anampiga risasi kisogoni. Ndivyo ilivyokuwa.

Swali: Matangazo ya "anatafutwa, akiwa hai au amekufa" yenye picha kubwa yalikuwepo?

Kwa Billy, hapana. Tangazo la gavana Lew Wallace la Desemba 1880 ni mistari michache ya maandishi gazetini: dola 500 kwa yeyote atakayemkamata William Bonny na kumkabidhi kwa sherifu yeyote wa New Mexico. Jina limekosewa, picha hakuna, na neno "amekufa" halimo.

Swali: The Harder They Fall ina majina ya watu weusi wa kweli. Niamini kiasi gani?

Amini majina, visa acha. Filamu hiyo ya 2021 inasema hivyo yenyewe mwanzoni: matukio ni ya kubuni, watu walikuwepo. Wamekusanywa watu ambao maisha hayakuwakutanisha. Nat Love alikuwa kauboi, baadaye akahudumia abiria kwenye mabehewa ya treni, na akaandika maisha yake mwaka 1907, hakuwa jambazi. Mary Fields alibeba barua za posta huko Montana akiwa na umri wa miaka 60 na zaidi. Cherokee Bill alinyongwa Fort Smith, Machi 1896, akiwa na miaka 20. Rufus Buck, anayeonyeshwa kama mkuu wa genge mwenye mvi na hekima, alikuwa kijana. Genge lake lilivamia watu kwa majuma machache tu katikati ya 1895, na Julai 1, 1896 wote watano walinyongwa kwa ubakaji. Kumpa mtu huyo haiba ya mfalme ni uamuzi mzito kuliko kukosea bunduki.

Bass Reeves pia yumo. Alikuwa naibu mashali wa serikali kuu kuanzia 1875 hadi 1907 na anatajwa kukamata watu zaidi ya 3,000. Maisha yake hayahitaji kuongezewa chumvi.

Swali: Nataka kukagua filamu mwenyewe. Nifuate hatua zipi?

Unapotazama, andika mambo manne tu ya tukio kuu: mwaka, mahali, nani alifyatua, nani alikufa. Ukiandika zaidi utachoka kabla hujaanza.

Kisha tafuta karatasi ya kisheria ya tukio hilo, yaani uchunguzi wa kifo au usikilizwaji wa kesi. Kwa Tombstone, jaji Wells Spicer alisikiliza mashahidi kwa karibu mwezi mzima mwaka 1881, na ushahidi ule umechapishwa. Baada ya hapo nenda kwenye magazeti ya siku zile. Maktaba ya Bunge la Marekani ina hazina ya bure mtandaoni iitwayo Chronicling America. Weka jimbo, weka majuma mawili kuanzia siku ya tukio, maana gazeti la kila juma lilichelewa, kisha jaribu tahajia zote: Bonney, Bonny, "the Kid". Mashine iliyosoma kurasa hizo hukosea herufi zilizofifia, kwa hiyo jina lisipotokea, tafuta mahali au jina la aliyeuawa.

Soma magazeti mawili yenye uhasama. Tombstone Epitaph lilikuwa la upande wa kina Earp, Nugget la upande wa wapinzani wao. Yanapokubaliana, umeshika kitu. Kumbukumbu za wazee walioandika miaka 40 baadaye ziweke mwisho kabisa, na usizitumie kwa tarehe. Wengi hukwama hapa: huanza na kitabu kitamu cha mtu "aliyekuwepo", kisha huyasoma magazeti kwa miwani ya kitabu hicho.

Swali: Na kofia? Wote walivaa zile pana?

Mwaka 1900 wanaume watano wa genge la Butch Cassidy waliingia studio ya John Swartz huko Fort Worth, Texas, wakapigwa picha ya pamoja. Wamevaa suti na vizibao, saa za mnyororo, na vichwani kofia za duara zenye ukingo mfupi, kama makarani wa benki. Swartz aliipenda kazi yake, akaiweka ionekane na wapita njia. Mpelelezi akamtambua mmoja wao, nakala zikaanza kusambazwa, na miezi michache baadaye Butch na Sundance walikuwa melini kuelekea Buenos Aires.